Malalamiko ya Mkwe Aliyeingia Bashay Kinyumenyume

Endagikot, Mbulu
Jumatano, baada ya chai

Kwa Mzee Alfredi,
Bashay.

Baba mkwe ninayekuheshimu,

Shikamoo. Naomba uihesabu hii kuwa ni shikamoo mbili, kwa sababu ile niliyokupa siku ya kipaimara cha mjukuu wako Zita ilikufikia ikitokea nyuma ya gari, na nimeambiwa kwamba hukuipokea.

YAH: KUZUILIWA KWA MKE WANGU VIOLETH KWA KOSA LILILOTENDWA NA HISTORIA

Mzee, mimi mkweo Onesphory ni mtu wa amani. Sijawahi kukuandikia barua tangu ile ya posa, na hata ile aliiandika mjomba. Lakini hii ni wiki ya tatu binti yako yuko kwako, nami niko hapa napika makande yanayoungua chini na kubaki mabichi juu. Ulitoa sharti moja mbele ya wageni wote: Violeth hatarudi kwangu mpaka Landrova yako iingie getini kwako ikitanguliza uso. Nimelitafakari sharti hilo kwa unyenyekevu, nikaona linanionea. Naleta malalamiko yangu kwa namba ili usiruke hata moja.

Kwanza nikumbushe ilivyokuwa, maana Bashay kila mtu anasimulia lake. Uliniletea Landrova nikubadilishie oili na breki. Basi, hayo tu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimenunua mnadani Katesh kitabu kikubwa cha picha, cha Kiingereza, kinachoeleza historia ya Kadilaki, lile gari la kifahari la Wamarekani. Muuzaji alikuwa anakikalia. Nikakisoma kwa msaada wa kamusi ya shule na simu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kujiona. Nakiri hilo mapema.

1. Historia ndiyo iliyonituma. Kitabu kinasema kwamba mwaka 1908, kule Uingereza, Kadilaki tatu zilifumuliwa zote mbele ya mashahidi, vipande vikachanganywa, kisha mafundi wenye spana na bisibisi tu wakaviunganisha vikawa magari matatu tena. Yakawaka! Yakakimbia maili mia tano, na kampuni ikapewa kombe. Sasa niambie, Mzee, ni fundi gani mwenye damu mwilini atasoma habari hiyo huku uani kwake zimesimama Landrova mbili, yako nzima na yangu iliyokufa, halafu abadilishe oili tu? Gari la tatu sikuwa nalo. Nikaazima pawatila ya jirani yangu Gidion, lile trekta la mkono analolimia shamba lake la vitunguu. Nilimwambia naiazima kwa ajili ya elimu. Nikafumua vyote vitatu, nikachanganya kama kitabu kilivyosema, kwa uaminifu mkubwa. Wenzetu walipata magari matatu na kombe. Mimi nilipata gari moja na ndoo ya boliti. Ukifikiria kwamba wao walikuwa wengi na mimi nilikuwa peke yangu, tofauti hiyo si kubwa sana.

2. Ulisema mbele za watu kwamba sina cheti. Ni kweli sina. Lakini huyo mtu ambaye Kadilaki imebeba jina lake alikuwa Mfaransa, wala hakuwa wa ukoo wa mabwana. Alipovuka bahari kwenda Amerika akajipachika jina la kibwana pamoja na nembo ya ukoo aliyoitunga mwenyewe, na mwaka 1701 akaanzisha mji wa Detroit. Miaka mia mbili baadaye wenye kiwanda wakalichukua jina lile na nembo ile, wakavibandika kwenye gari, na matajiri wakaligombania. Hakuna aliyemdai cheti. Mimi nimejiita Fundi Mkuu tu, nikaandika kwenye kipande cha bati pale njia panda. Sikujipa ukoo, sikujipa mji. Hata rangi ya kuandikia niliishiwa kabla ya herufi ya mwisho, kwa hiyo kwa haki kabisa mimi ni Fundi Mku.

3. Hujanishukuru kwa gia. Tangu nimuoe Violeth sijawahi kuiona Landrova yako ikirudi nyuma. Gia ya rivasi ilikwisha meno zamani, na Bashay nzima inajua kwamba unaegesha kwenye mteremko, na ukikosea njia unaita vijana wakusukume. Mimi nimekuletea gari lenye rivasi nne! Ya kwanza ni ya taratibu, ya nne inapeperusha kofia. Ni kweli kwamba ya kwenda mbele haipo hata moja. Hiyo imesababishwa na difu, ule mviringo wa chuma pale chini ya gari unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ambao niliufunga kichwa chini miguu juu katika kule kuchanganya. Lakini mtu akikupa vinne, je, unamlaumu kwa kile ambacho hakukupa?

Tena hujui nilivyoteseka njiani. Nimetoka Endagikot mpaka Bashay shingo imegeuka kama ya bundi. Basi la Haydom lilikuwa linakuja nyuma yangu, dereva akaiona pua ya Landrova inamtazama, akadhani nakuja. Akasogea pembeni anipishe. Mimi nikazidi kuwa mbali. Akaondoka, akanikuta tena, akanipisha tena. Tulifanya hivyo mara nne, na mara ya mwisho abiria wote walikuwa upande mmoja wa madirisha, hata wagonjwa. Nilifika kwako na shingo hii ambayo mpaka leo inapendelea kushoto.

4. Kuhusu turubai. Mzee, hapa naomba utulie usome polepole. Kitabu kina picha ya Kadilaki ya mwaka 1959 ambayo nyuma ina mapezi mawili marefu kama ya samaki, yamesimama juu na taa zake nyekundu. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile kilichotengenezwa na binadamu. Gari lile watu walilinunua ili litazamwe likiwa linaondoka. Kwa hiyo nilichukua bati lililobaki kwenye banda la kuku, nikakata mapezi mawili, nikayachomelea nyuma ya Landrova yako. Yalikuwa zawadi. Sikujua kwamba turubai la sherehe lingefungwa karibu na geti, wala kwamba pezi la kulia lingeshika kamba. Nilipoingia nilisikia watu wanapiga kelele, nikadhani ni vigelegele. Nikaongeza mafuta.

Nasikia turubai lilimshukia hata katekista Nicodemo akiwa katikati ya sala ya chakula. Namwomba radhi. Lakini wewe ulisema kwamba mkwe kuingia kwa baba mkwe wake kwa kutanguliza makalio ni dharau ambayo hujawahi kuiona. Hapo ndipo tunapotofautiana. Kama mwaka 1959 upande wa heshima wa gari ulikuwa ni wa nyuma, basi mimi siku ile nilikuletea heshima yenyewe, na heshima haikuwahi kuingia Bashay kwa kasi kama ile.

5. Sikuhurumiwa kwa taya langu. Kwa kuwa starta ya Landrova yako ilipotelea mahali fulani katika ndoo, gari sasa linawashwa kwa mpini wa kuzungusha kwa mkono, wa pawatila. Mpini ulinirudi ukanipiga taya siku tatu kabla ya sherehe. Kadilaki ndio waliotangulia, mwaka 1912, kuyatoa magari yao yote yakiwa na starta ya umeme, maana mipini ya namna hiyo ilikuwa inavunja watu mikono na mataya. Mimi nimeumia kwa jambo ambalo dunia ilishaliacha zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nikilitumikia gari lako, na wewe uliniuliza tu kwa nini nazungumza kama nina ugoro mdomoni.

6. Wazee wa Detroit walikuwa na subira. Mwaka 1902 kampuni moja ya magari ilikuwa imeshindwa kazi, akaitwa mzee mmoja anayekaribia miaka sitini aje athamini mashine ziuzwe. Akaangalia, akasema zisiuzwe, zitengeneze gari. Hapo ndipo Kadilaki ilipozaliwa. Unaona, Mzee? Mtu mzima alikuta mambo yameharibika, na hakumrudisha binti wa mtu nyumbani. Najua utasema kwamba mzee huyohuyo baadaye aliiacha Kadilaki akaenda kuanzisha gari jingine la kifahari. Ni kweli, alikwenda. Mimi siendi. Mimi sitaki kuanza upya na mtu mwingine. Namtaka Violeth.

Na hapa niseme jambo ambalo sijalipa namba. Siku ile turubai lilipoanguka, Violeth alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema moyoni, basi, yameisha. Ulipotoa sharti lako, aliacha kucheka, akauchukua mkoba wake akaingia ndani kwa mama yake bila kunitazama. Baadaye akanitumia ujumbe kwa Nicodemo kwamba hana hasira, ila amechoka kula chakula na Detroit. Jambo lile liliniuma kuliko taya. Na kwamba mama mkwe wangu, Mama Getruda, amelazimika kupanda basi kwenda kliniki Haydom wakati gari la nyumbani kwenu limerudishwa uani kwangu na mapezi yake, hilo nalo nalikubali bila namba.

Kwa sababu hizo zote, Mzee, naomba yafuatayo. Utamke rasmi mbele ya wanaukoo kwamba kwa Landrova hiyo nyuma ndiyo mbele. Taa nitazihamisha mwenyewe. Kama hilo ni gumu, geti lihamishiwe upande wa zizi na viti vya wageni vigeuzwe, ili mtu akiingia kinyumenyume ionekane kwamba ninyi ndio mliogeuka. Kama hilo nalo ni gumu, nyumba igeuzwe. Nipo tayari kuchangia matofali. Kuligeuza gari lenyewe haiwezekani kitaalamu. Nasema hivyo nikiwa Fundi Mku.

Nawasalimu wote hapo nyumbani: Mama Getruda, shikamoo nyingi sana, Zita, hongera ya kipaimara na pole kwa keki iliyoangukiwa na turubai, katekista Nicodemo, na mwenye turubai popote alipo. Msalimuni na yule jogoo aliyeniwahi kutoka njiani, ana akili. Violeth mwambieni kwamba kuku wake wanataga, na kwamba najifunza makande.

Ni mimi mkweo, anayekujia kwa heshima kwa upande wowote ule gari linaoruhusu,

Onesphory

Nakala: Katekista Nicodemo, Gidion (kwa kuwa anaulizia pawatila yake kila siku).

Nyongeza, Alhamisi:

Mzee, barua hii niliikunja jana. Kisha nikakaa na sufuria langu lililoungua, nikaona kwamba nimejaza kurasa zote hizi kuitetea difu. Ukweli ni huu: ni nati kumi. Gidion aliniambia siku ya pili tu, akiwa amesimama na jembe lake begani, kwamba hicho kitu kiko kichwa chini, kigeuze. Nilikataa kwa sababu yeye ni mkulima wa vitunguu na mimi ndiye mwenye kibao njia panda. Wiki tatu nimekaa bila mke kwa ajili ya nati kumi. Leo asubuhi nimezifungua, nimeigeuza difu, nimezikaza. Chai ilikuwa bado ya moto. Gari linakwenda mbele kwa gia zote nne, na rivasi imekufa tena kama ulivyoizoea.

Kitabu nacho nimekisoma ule ukurasa unaofuata. Kumbe zile Kadilaki tatu zilikuwa za aina moja, zinafanana kila kitu, ndiyo maana zikaunganika. Ukurasa huo nilikuwa nimeuruka kwa sababu hauna picha. Ndoo ya boliti nimempelekea Gidion achague zake, na mapezi nimeyang'oa, nimeyarudisha kwa kuku.

Niliona aibu, Mzee, hayo ndiyo malalamiko yangu yote. Nilitaka siku moja uniambie mbele ya watu kwamba binti yako ameolewa na fundi.

Barua hii naileta mwenyewe, kwa hiyo ukiwa unaisoma mimi niko nje ya geti, uso mbele. Jumatatu nitampeleka Mama kliniki Haydom. Violeth mwambie sijaja kudai chochote, nimemkumbuka tu, na kuhusu Detroit sitasema neno mpaka awe amepanda. Nitakuamkia injini ikiwa inanguruma, usione ni dharau, nikizima sina hakika kama litawaka. Na geti naomba ulifungue lote, Mzee, maana rivasi sina tena.