Rupia ya Mjomba Chirau

Jumatatu, 5 Machi 1956

Mjomba Chirau ni mgonjwa, alhamdulillahi. Hapana. Mjomba ni mgonjwa, Mungu amponye, ila kusiwe na haraka.

Nakusanya pesa za kale. Kopo langu la biskuti lina pesa za Sultani, vihela vya Mjerumani, hata reale moja iliyochakaa. Kinachokosekana ni rupia ya Kampuni ya Waingereza ya mwaka 1888, ile yenye picha ya mizani. Mjomba anayo, huilalia chini ya mto. Mimi ni mtoto wa dada yake, na kwetu Wadigo mpwa ndiye mrithi. Nimefunga nguo zangu, nimeondoka Ukunda na sasa niko kwake Msambweni.

Jumatano, 7 Machi

Nimempikia uji wa mchele kwa tui zito. Nimemkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Mkewe, Bi Dama, alitokwa na machozi, akasema hajapata kuona mpwa kama mimi. Mwanawe, Abdurahman, alinitazama kwa jicho la pembeni. Ana wivu huyo.

Jioni Mjomba aliitoa rupia, nikaishika. Nyeusi, lakini mizani inaonekana vizuri. Akanisimulia jinsi alivyopewa na marehemu babu. Sikusikiliza, nilikuwa nikiukagua ukingo kama umemeguka. Haukumeguka.

Jumamosi, 10 Machi

Mkosi. Mjomba amepata nafuu. Ameketi barazani, amekula samaki, ameuliza habari za minazi yake. Majirani wanausifu mkono wangu. Nimejitia kufurahi mpaka mashavu yakaniuma. Uji wa kesho nitaupunguza tui.

Jumanne, 13 Machi

Uji wa maji haukusaidia. Aliusifu huo pia.

Leo nimegombana na Abdurahman nyuma ya nyumba, penye kuni. Nilimwambia kwa mila rupia ni yangu. Akasema baba yake ni Mwislamu, ameswali umri wake wote, mali yake itagawiwa kisheria na mpwa hayumo. Nikamwuliza yeye anajua nini kuhusu pesa za kale. Sauti zikapanda. Tukagombania rupia, kisha kitanda, kisha minazi. Tulikuwa tumefika kwenye nani atanunua sanda, ndipo Mjomba akakohoa upande wa pili wa ukuta. Kumbe alikuwa amekaa pale muda wote. Bi Dama ameniwekea chakula bila kunitazama usoni.

Alhamisi, 15 Machi

Rupia imetobolewa! Mjomba alimtuma Bi Dama kwa sonara, na tundu limepita katikati ya mizani. Sasa inaning'inia kwa uzi mweusi shingoni mwa binti mchanga wa Abdurahman. Anainyonya. Hakuna mkusanyaji atakayeitazama tena.

Mjomba aliniita, akanishika mkono. Akasema tangu siku ya kwanza alijua nilichokifuata, ila uji ulikuwa mtamu na miguu yake ilipata joto. Sasa rupia haipo, akasema, basi nikae naye bure. Nikamwambia nina shughuli Ukunda. Sina shughuli yoyote Ukunda. Nimepanda basi nikiwa nimevimba kwa hasira.

Jumapili, 18 Machi

Bado nimenuna. Chande muuza samaki amepita akasema Mjomba amezidiwa, tena ananiulizia. Nikasema nitakwenda moyo wangu ukitulia. Baadaye nilizipanga pesa zangu mkekani. Pale pa rupia nimepaacha wazi, na sikuweza kula.

Jumatano, 21 Machi

Mjomba tumemzika jana. Bi Dama ameniambia kwamba kila mlango ulipolia aliuliza kama ni mimi. Nimelia, tena kweli, nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba ambako hakuna wa kuniona. Nilimpenda mzee yule na sikujua. Nimekwenda kaburini nikaapa kwamba sitamtazama tena binadamu kwa jicho la pesa.

Niliporudi matangani nilikaa karibu na Mamkubwa Mishi, dada mkubwa wa Mjomba na mama, aliyetoka Shimoni. Tulimlilia Mjomba pamoja. Katika kutafuta kitu cha kujifutia macho alifungua pindo la leso yake, ikatokea nishani ya marehemu mumewe, ya vita vya Mjerumani. Fedha tupu. Utepe wake ungalipo. Sijapata kuona mfano wake pwani hii.

Mamkubwa hakujaliwa mtoto. Safari hii hakuna Abdurahman. Amelalamika kwamba kifua kinambana na hana wa kumtekea maji. Nimembebea kikapu mpaka kwenye basi, nikamwahidi kwamba Jumatatu nahamia kwake asiwe mpweke. Aliniombea dua njia nzima, maskini, akasema Mungu amemwondolea ndugu akampa mwana.