Waraka wa Kuvika Nukushi Plastiki

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Anayebisha na apande bodaboda, ashuke Ofisi ya Uratibu wa Mazao ya Pwani hapo Kilindoni, amuulize Nasma, karani wa masjala.

Ofisi hiyo ilikuwa na furaha kubwa kuutangazia umma wa Mafia kwamba, kuanzia Jumatatu, barua yoyote isiyofika kwa nukushi, yaani faksi, haitatambulika kuwa ni barua. Tangazo lilibandikwa mlangoni likiwa na mihuri mitatu, mmoja kichwa chini. Barua pepe ni upepo, lilisema. WhatsApp ni ya kutumiana picha za harusi. Nukushi pekee ndiyo yenye nidhamu.

Mwenye tangazo alikuwa Mratibu Mkuu, Bwana Hamdu, mtu wa kaunda suti hata siku za mapumziko. Mashine yenyewe aliikuta stoo, chini ya nyavu haramu zilizokamatwa. Makao makuu Dar es Salaam walikuwa nayo ya pili, kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuichomoa kwenye umeme.

Nasma aliifuta vumbi akaiwasha, maana ni yeye peke yake aliyejua inavyofanya kazi. Kule Dar karatasi inaingizwa, mashine inaisoma mstari kwa mstari, peusi na peupe, inageuza ilichokisoma kuwa milio. Milio inapita kwenye waya wa simu. Huku Kilindoni mashine nyingine inaisikiliza na kuichora barua upya. Karatasi ya kwanza haitoki ilipo. Hilo Bwana Hamdu hakuliafiki. Aliona ni utovu wa adabu barua kubaki Dar ilhali imeandikiwa kwenda Mafia, akaahidi kulifuatilia.

Wa kwanza kuonja matunda ya utaratibu huo alikuwa Bi Mwanamkuu, mwenyekiti wa akina mama wakulima wa mwani wa upande wa Ras Mkumbi. Walikuwa na magunia sitini ya mwani mkavu, na boti ya mnunuzi ingeondoka Alhamisi adhuhuri. Mvua zilikuwa zimekaribia, na mwani ukilowa baada ya kukauka, umekwisha. Kibali cha kuusafirisha alikuwa nacho kwenye simu tangu wiki iliyopita. Bwana Hamdu alikitazama kwa makini, akasema yeye anachokiona ni simu.

Basi kikasubiriwa kije kwa nukushi. Jumanne mashine ikalia, karatasi ikaanza kutoka polepole, imejikunja kama jamvi. Nasma aliisoma ikitoka, kwa kuwa barua ya namna ile hujisomesha yenyewe kwa mwenye macho: kikundi kimeruhusiwa, magunia sitini.

Bahati mbaya, asubuhi ileile ulikuwa umetoka waraka wa pili. Bwana Hamdu aligundua kuwa nukushi za zamani zimefifia hadi kuwa nyeupe. Akaagiza kila nukushi ivikwe plastiki kwenye mashine ya laminesheni kabla ya kusomwa na afisa yeyote, ili maandishi yasichoshwe na macho.

Nasma akaenda kumwona.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba."

"Karatasi hii haina wino. Joto ndiyo kalamu yake. Na ile mashine ya plastiki ni joto tupu. Ukiipitisha mle, kalamu itaandika ukurasa mzima."

Bwana Hamdu akamuuliza kama Kilindoni hakuna joto. Nasma akakiri lipo. Akamuuliza kama barua zimewahi kuungua mezani. Akakiri hazijawahi.

"Basi tekeleza."

Akatekeleza. Barua iliingia nyeupe, ikatoka nyeusi tititi, inang'aa kama kigae kipya.

Bwana Hamdu aliigeuza upande wa pili, akaukuta nao haumsaidii, akatoa uamuzi: nukushi imepokelewa na imehifadhiwa vizuri sana, ila haisomeki, kwa hiyo kibali hakipo.

"Mwanangu, mimi barua hiyo nimeiona ikiwa nyeupe," alisema Bi Mwanamkuu, aliyekuwa akingoja hapo tangu mashine ilipolia.

"Mama, ofisi haiendeshwi kwa kumbukumbu za watu."

"Na mwani wangu haukaushwi kwa nyaraka."

Akaketi kwenye benchi la ukumbini, akasema hatoki. Nasma akawapigia makao makuu waitume tena. Ikatumwa Jumatano asubuhi, ikavikwa plastiki. Sasa ofisi ilikuwa na nukushi mbili nyeusi, ambazo Bwana Hamdu alizilinganisha na kuridhika kwamba zinafanana.

Alasiri hiyo simu ikatoka Dar: barua ya Bwana Hamdu ya kituo kipya inakuja. Ukurugenzi alikuwa akiungoja miaka sita. Akaagiza soda na sambusa kwa wafanyakazi wote, akaanza kuaga. Mashine ikalia. Nasma akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaacha kutafuna.

"Bosi, hii isome kwanza."

Bwana Hamdu akaunyoshea kidole waraka ukutani. "Utaratibu ni utaratibu. Hata kwa yangu. Hasa kwa yangu."

Ikatoka nyeusi.

Hapo ndipo alipoona kwamba bila barua haondoki mtu. Kiongozi hakosi njia. Akaandika waraka wa tatu papo hapo. Nukushi nyeusi ni halali. Yaliyomo yatakuwa yale atakayoyathibitisha karani aliyeipokea, kwa maandishi na muhuri, na uthibitisho huo hautapingwa na afisa wa ngazi yoyote. Maneno ya mwisho aliyapigia mstari, asije mtu wa Dar akamwonea wivu.

Nasma alianza na zilizotangulia kufika, kama masjala inavyotaka. Magunia sitini, ruhusa imetolewa, muhuri. Bi Mwanamkuu akaitia barua yake nyeusi kwapani, akaondoka bila kuonja sambusa. Kesho yake adhuhuri mwani ulikuwa botini, gunia kwa gunia.

Kisha Nasma akaandika ya tatu. Bwana Hamdu aliisoma amesimama, soda mkononi. Anaondolewa Uratibu. Kwa kuzingatia mapenzi yake kwa vifaa vya aina hiyo, anahamishiwa makao makuu kuwa mtunza ghala la vifaa vilivyoacha kutumika. Aripoti Jumatatu.

Alisema huo ni uongo. Nasma akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba uthibitisho haupingwi. Alisema abadilishe. Nasma akamwonyesha sahihi iliyokataza. Mwishowe akaweka soda chini.

"Utaniomba radhi. Kwa maandishi."

Nasma alikuwa anafunga kidau cha wino wa muhuri.

"Siombi, bosi. Nilikuonya ukasema nitekeleze, nikatekeleza. Kwa mdomo siombi, kwa maandishi siombi."