Nyasi za Agosti

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeamua. Naanzisha kampuni ya kutunza nyua na bustani. Hapa Kahama wapo watu wenye mafyekeo, tena wengi, lakini kampuni hakuna. Jina: Mandhari Safi. Mkurugenzi: Raudha, yaani mimi. Wafanyakazi: Raudha.

Sababu ya kibiashara: nyumba za wageni zinaongezeka kila mwezi, na kila moja ina ua wenye nyasi. Sababu nyingine: Masele amerudi.

Basi, nimeshaandika. Amerudi kutoka Nyarugusu, ambako ana karasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Amejenga nyumba ya wageni Nyahanga, pembezoni kabisa mwa mji, mbele ya boma la mama yake. Sekondari alikaa dawati la mbele yangu miaka minne. Nakijua kisogo chake kuliko ninavyoijua ramani ya Tanzania. Nimekwenda chuo Dodoma, nimerudi na shahada, nimesoma vitabu vinavyoeleza binadamu anataka nini. Hakuna hata kimoja kilichotaja kisogo.

Mjomba Nuruddin, kaka yake Mama, ana duka la mashine. Ameahidi kunipa moja, zawadi ya kuhitimu: chochote kinachowaka na kunitoa kwenye kochi la dada yake. Sharti ni moja. Nikishachagua, nimechagua. Duka lake, anasema, si kabati la nguo.

Nitachukua mashine ya kukatia nyasi. Ya petroli. Mtu akiwa na mashine ya kukatia nyasi, ana haki ya kusimama kwenye ua wa mtu yeyote.

Jumanne, 6 Mei

Dukani tangu asubuhi. Wagombea wawili.

Wa kwanza: mdogo, mwepesi, bomba limepinda kidogo, anakata kwa kamba ya nailoni inayozunguka. Unamshika kama mwavuli. Mjomba anasema huyo ndiye wa nyua za watu: mikono haichoki, unapita kando ya ukuta na maua bila kuharibu kitu.

Wa pili: mkubwa, bomba limenyooka, ana mikanda ya mabegani na kinga ya uso. Anafunga kamba au diski ya chuma, upendavyo. Mjomba anasema huyo ni wa barabara na mashamba, na kwangu ni mzigo. Akaniuliza nina kilo ngapi. Nikamwambia swali hilo halihusiani na uhandisi.

Nikawasikiliza wote wawili wakiwaka. Mdogo analia kama nyuki. Mkubwa ananguruma. Wateja wote waligeuka.

Nilirudi nyumbani bila kuchagua. Nilikula bila kujua ninakula nini. (Mama anasema ulikuwa mlenda.)

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Nyahanga kukagua ua wake. Nilifanya mazoezi ya salamu njia nzima. "Masele, habari za siku nyingi," kwa sauti ya mkurugenzi.

Alikuwa anapaka rangi nguzo ya geti. Amenenepa kidogo shingoni. Kisogo ni kilekile. Akageuka, akacheka, akasema, "Profesa! Umepotea wapi wewe?"

Aliniita Profesa. Hivyo hivyo aliniita kidato cha pili, siku aliponakili majibu yangu ya jiografia. Nilisahau sauti ya mkurugenzi. Nilisahau pia habari za siku nyingi. Nilisema, "Nyasi."

Akasema ndiyo, zipo.

Mambo yangenyooka, lakini akatokea Juliana, yule mwenye bustani ya miche na maua kando ya barabara kuu. Miguu peku, udongo mpaka kwenye viwiko, amebeba vyungu vya asumini kama vile ua ni wa kwao. Akaniambia karibu. Ananikaribisha yeye! Nikaambiwa naye ana vijana wawili wenye mafyekeo, na kazi ya ua Masele hajaamua ampe nani. Akanipa Jumatano, nije nionyeshe uwezo.

Masele alipokuwa ananisindikiza nikamwuliza nyuma ya jengo kuna nini. Akasema huko ni kwa Mama. Alilitamka neno Mama kwa upole ambao sijausikia kwa mwanamume yeyote. Sikusikia kingine mpaka nilipofika nyumbani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimechagua. Mkubwa.

Sababu zangu nimezipima kwa makini. Mashine ndogo itasikika mpaka getini tu. Kubwa itasikika mpaka chumba cha ghorofani, hata dirisha likiwa limefungwa, hata mtu akiwa anaongea na mtu mwingine, tuseme mwuza maua.

Mjomba aliiteremsha kutoka kwenye rafu. Akanionyesha jinsi ya kuchanganya petroli na oili, maana ukiweka petroli tupu injini inakufa. Akafunga kichwa cha kamba, na diski akaiacha ndani ya boksi, na grisi yake ya kiwandani. Akasema kamba ni ya nyasi fupi, nyasi ndefu zitajisokota humo kama nywele kwenye kitana. Mwisho akaniuliza kama nina uhakika. Mwanamke mwenye uhakika ni mimi.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi nyumbani. Kamba ya kuwashia nimeivuta mpaka bega likakataa. Mama, akiwa ameshika mwiko, akaniuliza mbona sijafungua petroli. Nikafungua.

Ikawaka! Ah! Ule mtetemo, unapita kwenye mikanda unaingia kifuani. Nilihisi kuna mtu ameniitikia.

Mchicha wa Mama haupo tena. Wala bamia. Kanga iliyokuwa kwenye kamba imebaki na pindo moja. Mama amesema maneno mengi, na la mwisho lilikuwa kwamba anajua ninamkatia nani nyasi, na huyo mtu ana kanisa lake na sisi tuna msikiti wetu, na shahada haikuniponya upofu. Nikamwambia hii ni kampuni.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya majaribio. Kinga ya uso, buti, mikanda. Nilijitazama kwenye kioo cha getini na nikajipenda, jambo ambalo halitokei sana.

Vijana wa Juliana walikata upande wa kushoto kwa mafyekeo, wakiimba. Mimi kulia. Masele alisimama barazani kunitazama. Kunitazama mimi! Nikaongeza mafuta. Hakuna aliyeniambia kwamba kamba inapozunguka kwa kasi ile kwenye ua wenye kokoto, kokoto haziketi. Moja ilipiga chungu cha asumini, nyingine dirisha la chumba namba tatu. Mgeni aliyekuwa ndani, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, alitoka na taulo, mikono juu. Alidhani amevamiwa.

Masele hakukasirika. Hasira ningeweza kuivumilia. Aliokota vioo taratibu, akasema yeye kesho anakwenda Nyarugusu, karasha imeharibika, na akirudi Jumapili ataamua. Juliana alisema pole, shoga yangu, mashine ni kazi ngumu. Alimaanisha kabisa. Ndiyo maana nilikosa raha mchana kutwa.

Lakini kabla sijaondoka nilizunguka nyuma ya jengo. Na pale, Mungu wangu, niliona! Uwanja mzima, umezungushiwa minyaa, nyasi zimesimama mpaka kifuani. Hazijakatwa miezi mingi. Kwa Mama! Mama mzazi wa Masele amezingirwa na pori, na mwanawe kila siku anahangaika na karasha, na huyo mwuza maua amepeleka vyungu mbele ambako watu wanaona!

Nina mpango.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi ya kitongoji. Mashine haipo nami.

Nilianza mapema. Mama Masele alikuwa kanisani kwenye jumuiya. Niliingia kwenye uwazi wa minyaa, nikavuta, ikawaka. Mjomba alikuwa sahihi kuhusu kujisokota, lakini nikagundua mbinu: unakata juu kwanza, kisha katikati, kisha chini. Nyasi zikaruka vipandevipande, zikanishukia kama mvua ya kijani. Nilifikiria anavyorudi Jumapili, anasimama, anaona uwanja uko wazi na mama yake anapunga mkono kutoka upande wa pili. Nilifikiria atasema Profesa. Sikufikiria zaidi ya hapo. Mbona hilo moja linanitosha?

Zaidi ya nusu ya uwanja ilikuwa imekwisha nilipohisi mtu ananishika mkanda. Nikazima. Nikainua kinga ya uso, nikasema shikamoo Mama.

Hakuitikia marahaba. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akasema kwa Kisukuma maneno ambayo sikuyaelewa, isipokuwa moja alilolirudia: ngitili, ngitili yangu. Ndipo akaja kwenye Kiswahili. Binti, umetumwa na nani? Unajua umekata nini? Umekata Agosti yangu!

Pori halikuwa pori. Walilifunga tangu mvua za kwanza, hakuna mfugo uliogusa, ili kiangazi kikija na ardhi ikibaki vumbi, ng'ombe wawe na pa kwenda. Kila mtu Usukuma anajua ngitili, alisema, hata mbuzi wanajua, ila hawaitii. Na angalau ningekata kwa mundu! Nyasi za mundu zinafungwa matita, zinakauka, zinatunzwa. Mimi nimezisaga kama tumbaku.

Nilisoma Dodoma somo zima la maendeleo vijijini. Nilipata A.

Sungusungu walikuja wanne. Walibeba mashine kama wamekamata mwizi, mmoja ameshika kichwa, mwingine miguu.

Ijumaa, 16 Mei

Baraza. Mmoja alitaka nitozwe ng'ombe. Mwingine akauliza huyu wa mjini, ng'ombe atamtoa wapi, kwenye friji? Watu wakacheka sana. Hukumu: nikusanye kila kipande kwa reki, nikianike, nikitie kwenye viroba, nikibebe mpaka ghala la Mama Masele. Mwenyewe. Mpaka kiishe. Mashine itabaki kwao.

Kwa hiyo nitakuwa nyumbani kwao kila siku.

Nilijaribu kuonekana mwenye huzuni.

Jumapili, 18 Mei

Amerudi. Nilimsikia kabla sijamwona. Pikipiki yake inakohoa. Nilikuwa nimeinama, na majani hata masikioni.

Alisimama kwenye minyaa. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Profesa, akasema. Profesa, umefanyaje?

Akachukua reki ya pili. Tulikusanya pamoja mpaka jua likaegemea. Alikuwa mbele yangu, mimi nyuma, kama darasani. Nyasi zinazokauka zina harufu tamu, sijui nimeishije bila kuijua. Nilitamani uwanja ule ungekuwa mkubwa kama wilaya.

Halafu akazungumza bila kugeuka. Akasema si ng'ombe wote anaowahofia. Ni wale walioko zizi la kushoto, wa mahari. Watapelekwa Septemba kwa kina Juliana, na ng'ombe wa mahari huwezi kuwafikisha mbavu nje, ukoo mzima utachekwa. Kwa hiyo sasa huenda harusi ikasogezwa mpaka baada ya mvua. Juliana ameelewa, akasema. Juliana ana moyo mzuri.

Niliendelea kukusanya. Nilikusanya vizuri sana. Nilipita mara mbili mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Jumanne, 20 Mei

Juliana ameniletea maji ya kunywa na kofia ya ukili, akasema jua ni kali. Kofia inanikaa vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kazi ya ua wamepewa vijana wake. Sikuuliza. Nilisikia wanaimba.

Mama Masele leo ameitikia marahaba. Akanipa kiazi cha kuchoma. Akasema nabeba viroba vibaya, nitavunjika mgongo, akanionyesha. Akaniuliza kwetu ni wapi, baba yangu ni nani, na kama nimeolewa. Nikasema bado. Akasema utapata, mwanangu, wewe si mvivu. Nikamwambia wabeja, yaani asante, neno pekee la Kisukuma nililonalo, na nikaenda nyuma ya ghala kufuta uso.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemaliza. Sungusungu wamenirudishia mashine, wameipangusa, na mmoja ameniuliza kwa siri kama nakodisha.

Nimetafakari kwa kina. Mtu aliyesoma lazima ajue alikosea wapi, na sasa najua. Kosa lilikuwa kamba. Kamba inasaga. Diski inalaza nyasi chini nzimanzima, safi, tayari kufungwa matita. Ningekuwa na diski siku ile, Mama Masele angenishukuru. Nimemweleza Mjomba Nuruddin. Akaenda kuhesabu misumari.

Masele alikuja getini kuniaga. Akasema nisiwe na hofu, limepatikana jawabu: ng'ombe wa mahari watahamishiwa Runzewe kwa baba yake mdogo, ambaye ngitili yake ina nyasi mpaka kifuani. Harusi inabaki Septemba ileile. Akasema, "Profesa, usipotee tena." Nilitazama anavyoondoka. Kisogo, mpaka kwenye kona.

Runzewe. Sijawahi kufika. Nasikia ni mji unaokua, nyua ni nyingi, kampuni hakuna.

Diski imefungwa, grisi nimeifuta. Nimepita stendi kuuliza kama mashine inaruhusiwa kwenye buti la basi. Kondakta amesema haina shida, ili mradi tangi liwe tupu.

Litakuwa tupu. Petroli nitanunua hukohuko.