Ssenga Aliniuliza Kama Ni Huyu

Jumatatu, 7 Machi 1994
Leo nimekuwa msomi! Nilikuwa nachapa karatasi za mwanafunzi wa falsafa hapa dukani Wandegeya, nikakuta siri yao: hakuna mtu anayejua kitu chochote kwa hakika. Hata hilo jua, labda ni ndoto. Maprofesa wamezeekea hapo. Mimi nimeelewa kabla chai haijapoa, na shule niliitoroka kidato cha pili! Tarcisio, mwenzangu wa mashine, akauliza wino uko wapi. Nikamwambia athibitishe kwanza kama wino upo. Akanipaka shavuni, akauliza kama sasa upo. Wivu tu.

Jumatano, 9 Machi
Bosi Nashon, Mluhya wa Kenya, Jumamosi anaenda Kisugu kujitambulisha ukweni, kwa akina Nabbosa, mchumba wake. Anahitaji msemaji, maana siku hiyo bwana harusi hafungui mdomo. Alishamchagua Tarcisio. Nikamuuliza ana hakika gani kama Tarcisio hatakohoa? Akakuna kichwa. Akasema haya, Obura, mdomo unao, lakini ukiniharibia usikanyage tena duka langu. Tarcisio amenuna. Raha!

Jumamosi, 12 Machi
Lo! Desturi yenyewe rahisi. Wanatoa wasichana wengine kwanza, msemaji anasema si huyu, si huyu. Nilikataa vizuri mno, hema zima likacheka. Kisha ssenga, shangazi wa binti, akamleta Nabbosa mwenyewe. Akauliza kama ni huyu.

Mjinga angesema ndiyo. Mimi nikanyoosha kanzu, nikasema macho hudanganya, ssenga. Huenda sote tumelala. Tena hilo neno "huyu" lina maana gani hasa?

Ssenga akauliza, kwa hiyo hammjui? Nikasema hakuna anayejua. Basi akawaambia wenzake wageni wamepotea nyumba, mrudisheni mtoto ndani. Wakamrudisha! Bosi, mdomo umefungwa na desturi, ananifinya paja huku machozi yanamtoka. Tarcisio akapiga magoti, akasema ssenga wetu, ndiye, tungemjua hata amefunikwa gunia. Vigelegele! Binti akatolewa tena, sisi tukatozwa mbuzi wa faini. Watu wa Kisugu bado hawajafika kiwango changu.

Jumatatu, 14 Machi
Bosi amenifukuza. Nikamuuliza anajuaje kama mimi ndiye Obura yule wa Jumamosi. Akafunga mlango, vidole vyangu vikiwa katikati. Labda ni ndoto. Lakini vimevimba.

Si kitu. Jirani yangu Ogutu ameshtakiwa kuiba jogoo, anatafuta shahidi mwenye maneno. Nimemwambia alale usingizi. Nitasimama mbele ya hakimu nimuulize jogoo ni nini. Tutashinda. Nina hakika kabisa.