Chumvi Hewa kwa Ng'ombe wa Mzee

Leo nimeaibika mbele ya watu na mbele ya mifugo.

Naandikia kundi letu nikiwa kitandani kwangu hapa Kesses, suruali ya suti iko kwenye beseni. Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano, na kwa sababu nisipoeleza mimi, Shangazi Rael ataeleza. Yeye huigiza mpaka sauti.

Kuna mambo mawili ya kujua kwanza.

La kwanza: nikitoka kazini huwa natunga muziki kwenye kompyuta. Si wa injili, wala si wa kudansi. Ni muziki wa vinanda vya umeme unaoiga filamu za zamani, zile za kanda za video. Gari jekundu linateleza mjini, taa za rangi zinamulika lami iliyolowa, jambazi mwenye miwani myeusi anamngoja mtu. Baba yangu alizitazama akiwa kijana, kwenye kibanda cha mabati kule Webuye, na alinisimulia mpaka nikaanza kuzikumbuka mimi mwenyewe. (Nilizaliwa miaka hiyo ikiwa imeshakwisha. Najua.) Wapenzi wa muziki huu hapa Eldoret tuko wachache. Nimewahi kukutana na watatu, na mmoja amehamia Kitale.

La pili: nampenda Chebet. Baba yake ana shamba la ng'ombe na viazi Ainabkoi. Wajomba zangu wanataka kwenda kwake Jumamosi ijayo kuposa rasmi, lakini Mzee alikuwa hajasema ndiyo. Alisema tu, "Njoo kwanza kwenye shukrani yangu, nikuone ukiwa kati ya watu."

Shukrani yenyewe ni ya goti. Mzee alifanyiwa upasuaji, akalala hospitalini, akarudi na magongo, na sasa anatembea kwa fimbo moja. Leo aliita majirani, jamaa na watu wa kanisa waje wamshukuru Mungu pamoja naye. Na leo ningepata jibu langu.

Kosa nililifanya wiki tatu zilizopita.

Nilikuwa nimeenda kumjulia hali. Alikuwa amekaa nje, mguu juu ya kigoda, akitazama ng'ombe wake walioko mbali kwenye malisho. Tangu alazwe alikuwa hajawaita yeye mwenyewe. Akamwambia Chebet, "Niletee debe la chumvi." Akalipiga kwa fimbo mara tatu, dang! dang! dang! Halafu akaita kutoka chini kabisa ya tumbo:

"Hooo-oi! Hooo-oi! Hooo-oi!"

Ng'ombe wakainua vichwa. Wakaja kwa mstari, bila kuchapwa, bila kusukumwa. Mzee akawalambisha chumvi kwenye kiganja, mmoja mmoja, na alipofika kwa yule mkubwa mweusi na mweupe anayeitwa Madam, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

Mtu mwenye adabu angetazama pembeni. Chebet alitazama pembeni. Mimi niliposikia Mzee anapiga debe tena kuwaita waliobaki nyuma, niliingiza mkono mfukoni nikabonyeza simu irekodi. (Nilijiambia ni kumbukumbu. Karani hakosi kisingizio.)

Jioni hiyo sauti ikaingia kwenye wimbo. Niliishusha kidogo ikawa nzito, nikaitia mwangwi kama mtu anayeongea ndani ya tangi. Debe likawa ngoma. Baba wa watu, Mkristo, mkulima wa viazi, akageuka kuwa jambazi mkuu wa filamu. Wimbo nikauita "Mfalme wa Lami". Nilijiona fundi sana.

Sasa tuje leo.

Saa tatu asubuhi nilikuwa langoni nimevaa suti, kompyuta kwapani. Chebet akanipokea, akaninyoosha kola, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wekesa, baba amesema wewe ushughulikie spika kwa sababu unajua mashine. Nyimbo za kanisa tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Sio zile zako za magari."

"Chebet, mimi ni mtu mzima."

"Aki usiniangushe."

Nilipanga vyombo kwa uangalifu. Spika moja niliielekeza kwenye hema la wageni. Ya pili niliielekeza upande wa malisho, ili sauti zisigongane. Niliona ni hesabu nzuri kabisa.

Mpaka saa nane mambo yalikwenda vizuri. Mchungaji aliomba. Mzee alisimama bila kushikwa, watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Nyimbo zangu za kanisa ziliingia na kutoka kwa wakati. Mzee alipita karibu na meza yangu, akasimama, akasema, "Kijana, unafanya kazi safi." Nilimtazama Chebet. Alitabasamu mpaka nikaona lile pengo la jino la juu. Moyoni nilishaanza kuwachagulia wajomba mahali pa kukaa.

Kisha chakula kikatolewa. Pilau, kuku, chapati, kabeji, na maziwa ya mursik kwenye vibuyu. Watu wakikaa kula huwa wanatafuta cha kusikiliza, na Shangazi Rael, dada yake Mzee, ana macho yanayotafuta kuliko ya wengine. Alishika kipaza sauti cha emsii bila kuombwa.

"Huyu kijana mnamuona? Chebet aliniambia anatunga muziki mwenyewe, kwa kompyuta! Sasa tunakula na yeye ametunyamazia tu. Kijana, tupigie yako!"

Watu wakashangilia. "Piga! Piga!"

Chebet alikuwa kwenye meza ya chakula, kijiko cha pilau mkononi. Alitikisa kichwa. Sitadanganya kwamba sikumuona. Nilimuona vizuri. Alitikisa mara mbili.

Lakini jamani, katika maisha yangu hakuna mtu amewahi kuniomba nipige huo muziki. Hata yule wa Kitale alikuwa akisikiliza kwa huruma. Nina nyimbo kumi na saba kwenye ile kompyuta. Ningeweza kupiga ule wa mvua. Ningeweza kupiga ule wa machweo. Nikawaza, piga ulio bora. Sauti nimeibadilisha, hakuna mtu ataijua.

Nikabonyeza "Mfalme wa Lami".

Na ukawapendeza! Hili ndilo linaloniuma. Kinanda kiliingia polepole, besi ikaanza kutembea, na mzee mmoja wa kanisa akaacha kutafuna mfupa ili asikie. Shangazi Rael akafumba macho. "Wee! Naona gari! Naona mtu anakimbizwa!" Mzee mwenyewe alikuwa anagonga chini kwa fimbo yake, taratibu, sawasawa na mdundo.

Ndipo likaja debe. Dang! Dang! Dang!

Halafu ile sauti: Hooo-oi... Hooo-oi... Hooo-oi...

Emsii akanijia mbio na kipaza sauti. "Hebu tuelezee, fundi. Huyo anaunguruma hapo ni nani?"

Ningeweza kusema ni upepo.

"Huyo," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote mbili, "ndiye jambazi mkuu. Mtu katili. Hana huruma hata kidogo. Watu wakisikia sauti yake wanakimbia."

Hema likacheka. Mzee akacheka mpaka akashika goti. "Kweli anatisha!" akasema. "Angekuja hapa ningemfungia nje!"

Kiitikio cha pili kikaingia. Dang! Dang! Dang! Hooo-oi...

Na kule kwenye malisho, mbele ya ile spika ya hesabu nzuri, Madam akajibu.

Aliitika kwa mlio mrefu wa mtu aliyeitwa jina lake. Nikageuka. Ng'ombe kumi na wanne walikuwa wanakuja. Hawakutembea kwa mstari kama siku ile. Walikimbia. Spika ile ina nguvu kuliko kifua cha mtu, kwa hiyo nadhani walielewa kwamba leo chumvi ni nyingi mno. Waya wa ua ukalia kama gitaa. Nguzo mbili zikalala.

Watu zaidi ya mia walikuwa wamedanganyika. Ng'ombe hawakudanganyika hata mmoja.

"Ng'ombe! Ng'ombe!"

"Chukua watoto!"

"Chukua kuku!" (Huyo alikuwa mzee wa kanisa.)

Viti vya plastiki vikaruka. Ng'ombe mmoja akaingiza kichwa kwenye sufuria ya kabeji akatoka nayo usoni. Mwingine akasimama katikati ya hema akiwa amevaa kitambaa cha meza mgongoni kama bibi arusi. Madam alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akaweka kichwa juu ya meza ya vyombo, akaanza kulamba spika. Kompyuta ilikuwa upande wa pili wa Madam.

Nataka mwelewe shida iliyokuwepo. Wimbo ule una kiitikio mara nne. Kilikuwa kimepita mara mbili. Nilijaribu kupita kulia, Madam akaenda kulia. Nilijaribu kupita chini, nikateleza kwenye kitu nisichopenda kukitaja, nikaanguka kwa magoti yote mawili, na nikiwa pale chini kikaja cha tatu. Hooo-oi! Waliokuwa wameanza kufukuzwa wakageuka, wakarudi mbio.

"Zima hicho kitu!" Chebet alipiga kelele.

Nilitambaa mpaka kwenye waya wa umeme nikaung'oa kabla ya cha nne.

Kimya. Ng'ombe wakasimama wakatazamana. Halafu, na hili nitalikumbuka nikiwa mzee, wote wakageuka wakamtazama Mzee. Kumi na wanne, masikio mbele, wanangoja.

Mzee naye akawatazama. Akatazama spika. Akanitazama mimi. Kicheko chake kikaondoka usoni taratibu.

"Kijana."

"Naam, Mzee."

"Ile sauti ni yangu."

"Ni yako, Mzee."

"Na lile debe?"

"Ni lako pia."

"Ulichukua lini?"

"Siku ile nilipokuja kukujulia hali. Ulipokuwa unawaita."

Nilijua anaikumbuka siku gani, na nilijua anajua kwamba nilimuona akijifuta macho. Hapo ndipo suti, kinyesi na watu wote wale vilipokosa maana kwangu. Ningependa Madam anikanyage tu tumalize.

"Uliniomba?"

"Hapana, Mzee. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Shangazi Rael hakuweza kujizuia. "Sasa jambazi mkuu ni wewe, ndugu yangu! Ati hana huruma!"

Kuna watu walicheka. Mzee hakucheka. Aliinua fimbo wakanyamaza.

"Kunifanya jambazi, hiyo ni yako na Mungu," akasema. "Lakini umeita ng'ombe wangu. Wameitwa kwa sauti yangu, na wamekuja, na hakuna kitu. Ng'ombe ukimwita bure, siku nyingine hatakuamini. Mimi miaka yote hii sijawahi kuwaita bure. Chebet! Lete debe."

Chebet akalileta. Hakunipa mkononi. Aliliweka chini mbele yangu, akarudi nyuma.

Basi mbele ya kanisa zima, jamaa zote na mchungaji aliyekuwa bado ameshika kipande cha chapati, niliwalambisha ng'ombe kumi na wanne chumvi kwenye kiganja changu, mmoja mmoja, nikiwa nimepiga magoti kwa sababu Mzee alisema nikisimama nitawatisha. Ulimi wa ng'ombe ni msasa. Ilichukua muda. Watu walirudi kwenye viti wakaendelea kula wakinitazama, kama vile mimi ndiye burudani iliyotangazwa. Wengine walipiga picha. Kila ng'ombe aliyemaliza, Mzee alimgusa paji la uso akamwambia kitu kwa Kikalenjin, na mimi lugha hiyo najua ya kuomba maji tu, kwa hiyo sijui kama alikuwa anawaomba msamaha au ananisema.

Saa kumi na moja nilikuwa nimenyoosha nguzo za ua na kufunga vyombo. Nilimfuata Mzee kuaga. Sikutegemea jibu lolote. Nilitaka tu kuondoka kwa adabu.

"Wajomba zako," akasema.

"Naam, Mzee."

"Waje Jumamosi."

Nilifungua mdomo nimshukuru. Akainua mkono.

"Waje wao. Wewe ubaki Kesses. Wewe nimeshakusikia."

Chebet alinisindikiza mpaka langoni. Pale langoni akaniambia nifute ule wimbo, nikaufuta akiona. Halafu akaniambia nifute na nakala, nikafuta na nakala. Alikuwa amekunja midomo kwa nguvu sana, na mpaka sasa sijui kama alikuwa anazuia hasira au kicheko. Nimemwandikia ujumbe mara mbili. Ameusoma.

Naombeni msinicheke. Na wewe Mjomba Barasa, najua uko humu kwenye kundi na huwa unasoma kimyakimya: ni Jumamosi saa nne asubuhi, vaa koti zito, Ainabkoi kuna baridi. Ukiulizwa habari zangu, sema unanifahamu kidogo.