Malalamiko Kuhusu Taya Lenye Matundu Mawili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuainisha Mifupa,
Ghorofa ya Tatu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima sana. Ni yule fundi wa chumba cha chini, ninayechokoa mifupa ya kale kutoka kwenye mawe na kuiunga kwa gundi. Uliwahi kunikuta kwenye lifti ukadhani mimi ni mpaka rangi.

Juzi kamati yako iliamua kwamba dinosauri mla nyama niliyemchokoa kwa miezi kumi na minne si spishi mpya, bali ni wa spishi ileile ya yule aliyesimamishwa kwenye ukumbi wa makumbusho yetu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema vipande vitatu ni vichache, yaani kipande cha taya la juu, nusu ya mfupa wa muundi na ukucha mmoja. Mheshimiwa, watu wamehukumiwa kwa vichache zaidi. Mama mkwe wangu, kabla hajaniona uso, aliona visigino vya viatu vyangu mlangoni akatamka kwamba binti yake ameokota mvivu. Huu ni mwaka wa kumi na sita na hajabadili uainishaji huo.

2. Taya la yule wa ukumbini lina tundu moja mbele ya jicho. La huyu wangu lina mawili, na la pili ni la duara safi kabisa, kazi ya maumbile isiyo na kasoro. Mjumbe mmoja alidai huenda ni ugonjwa. Tundu safi namna ile si ugonjwa, ni ukoo.

3. Mjumbe wa meno alisema huenda huyu ni mtoto tu wa spishi ileile, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Nikileta mfupa mdogo, ni mtoto. Nikileta mkubwa, ni mzee. Naomba kujulishwa mgeni anatakiwa kuingia makumbusho haya akiwa na umri gani.

4. Kamati ina wajumbe tisa. Siku ya kikao nilihesabu watatu, na mmoja alikuwa amelala. Kwa masalia machache kiasi hicho, na kwa kanuni yenu wenyewe, siwezi kuthibitisha kwamba niliyoiona ilikuwa kamati. Inawezekana walikuwa watu tu waliofuata chai.

5. Mkia wa yule wa ukumbini, mbavu zake kumi na moja na mguu wa kushoto ni plasta niliyoikoroga mimi kwenye ndoo. Kama vipande vitatu vya kweli havitoshi, naomba naye aondolewe kwenye orodha ya dinosauri, aandikwe kwenye ile ya samani.

Sasa niseme la moyoni. Nilimwahidi mama mkwe kwamba spishi hii itapewa jina lake. Siku hiyo aliniita mwanangu, kwa mara ya kwanza, na nikiri kwamba nilienda kulia bafuni. Ameshona gauni. Amewatangazia majirani kwamba ni mnyama mkubwa wa ukoo bora. Chakula cha mnyama huyo sikukitaja. Anafika leo saa tisa alasiri.

Kwa hiyo naomba kikao cha dharura kabla ya saa hiyo, jina lipitishwe, na mjumbe wa meno aliombe radhi taya.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa ukumbi, mama wa chai, na hata huyo mjumbe wa meno, kwani nje ya taya sina ugomvi naye.

Wako katika kazi na vumbi,
Fundi wa chumba cha chini.

Baada ya saini: Nilipokuwa nalifungasha taya niliambatanishe kama ushahidi, ncha ya keekee yangu ya kutobolea mawe ilidondoka kutoka mezani, ikazama kwenye tundu la pili na kukaa humo wima, imebana vizuri. Nimeijaribu kwenye tundu la kwanza, inapwaya. Nimefungua daftari langu la kazi: siku tundu hilo lilipoonekana ndiyo siku niliyoandika kwamba jiwe limekuwa laini ghafla. Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, isipokuwa la nne. Ninachoomba sasa ni ruhusa ya kutoka saa nane, nikampokee mama mkwe kituoni. Nimempigia mke wangu simu anisaidie kumweleza. Amesema aliyetoboa ndiye atakayeeleza.