Sindano au Boga

Jumatatu, 4 Machi

Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Baba ametangaza mezani, huku akichota mchuzi, kwamba hatupangi tena mahali: tunahamia majini. Kijiko kikamganda Mama mdomoni. Baba! Mtu aliyepanda chombo mara moja maishani akatapikia viatu vya nahodha!

Karakana ya mashua inauza mbili za matanga, zote za faiba, zote zimenizidi umri. Ya kwanza nimeiita Sindano: nyembamba, mlingoti mrefu, imewahi kushinda mashindano, na kuingia ndani ni kama kuingia kwenye soksi. Ya pili ni Boga: nene, zito, lina jiko, rafu ya vitabu na, mbele kabisa, chumba kidogo chenye mlango. Mlango! Tangu nizaliwe nalala chumba kimoja na Dada, ambaye huisoma shajara hii kwa sauti akiigiza mafua yangu. Sasa hivi naandika bafuni.

Dada yumo kwenye klabu ya matanga. Anataka Sindano. Baba ataamua Jumapili. Mlango ule ni wangu, liwalo na liwe.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu ya kwanza: kumwingiza Mama ndani ya Sindano aone dari ilivyo chini. Nikamwomba asimame wima. Akasimama. Wima kabisa, na nafasi ya kilemba ikabaki. Mama ni mfupi! Namjua maisha yangu yote na sikulifikiria hilo.

Aliyegonga kichwa ni Baba. Akapapasa nundu, akasema chombo kinachokupiga ni chombo chenye heshima zake. Dada akaniambia, Profesa, anayetaka kunyoosha mgongo akaunyooshee nje.

Sindano moja, Boga bila. Sikati tamaa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda karakana peke yangu. Nikamuuliza muuzaji ipi bora. Akasema sema tena. Nikasema tena. Akasema mwanangu, umemeza sauti? Mara ya tatu akasikia.

Akajibu bila kuficha, huku akitafuna karanga: kwa kuishi, hakuna kama ile nene. Kwa safari ndefu inabeba maji na chakula cha kutosha. Ila haibishi. Ile nyembamba ndiyo inabisha, tena upepo ukizidi ndivyo inavyozidi kubisha.

Haibishi! Nilitamani kumkumbatia. Kumbe mashua nazo zina tabia! Na kweli, itazame Sindano usoni: pua imechongoka, mgomvi mtupu. Boga lina uso wa mtu aliyeshiba.

Mama alikuwa anapiga pasi. Nikamnong'oneza. Akaiweka pasi chini, akafumba macho kidogo. Akasema nyumba hii wabishi anao wawili tayari, mmoja kamwoa na mwingine kamzaa, wa tatu hamtaki. Ushindi!

Ijumaa, 8 Machi

Dada kauliza kwa nini Mama analitaja Boga huku akitabasamu. Nikamweleza, kifua mbele: muuzaji mwenyewe kasema haibishi. Dada akacheka mpaka akalala sakafuni. Nilipomuuliza kuna nini, akafuta machozi, akasema hana neno, amekubali, Jumapili tukalijaribu Boga.

Amesalimu amri. Huruma imenishika.

Hata hivyo nimefungua kamusi, maana mimi ni mtu wa hakika. Kubisha: kukataa kukubali neno. Kulikuwa na maana nyingine chini yake, sikuzisoma. Ya kwanza inatosha.

Jumapili, 10 Machi

Upepo mgongoni, Boga lilitoka kama bibi harusi. Mama alimimina chai bila kumwaga tone. Baba aliimba. Mimi niliingia chumbani mwangu, nikafunga mlango. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Raha iliyoje!

Kisha tukageuza kurudi. Upepo usoni. Hapo Dada akanieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba kwa wanamaji kubisha ni chombo kwenda kinyume cha upepo kwa mshazari, mara kulia mara kushoto, mpaka kifike. Kisichobisha huishia unakotaka upepo.

Tukaenda kulia. Tukaenda kushoto. Tukarudi penye boya lile lile. Baba alianza kulisalimia. Injini ikakohoa mara moja, ikaaga dunia. Baba akalaumu tanga, Dada akamlaumu Baba, mimi nikalaumu kamusi, sauti zikapanda. Ghafla Mama akainuka, akaingia chumbani mwangu, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Muuzaji akaja kutuvuta kwa boti yake ya injini. Alitafuna karanga tu.

Tulipofika, Mama akatoka uso umenawiri kama aliyelala wiki nzima. Akasema tunachukua Boga. Dada akalia kwamba haliendi popote! Mama akajibu anatafuta pa kukaa, si pa kwenda. Na chumba kile ni chake. Baba akitaka kuingia, abishe hodi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepangiwa benchi moja na Dada, miguu yake shavuni mwangu. Lakini aliye na nia hakosi njia. Leo nimemuuliza muuzaji kama Boga lina nafasi nyingine yoyote. Akasema iko chini ya sakafu, inaitwa ngama. Maji yote ya mashua hupenda kukusanyika humo.

Ngama! Jina tamu. Na kama maji yenyewe yanapapenda, basi pametulia. Sikuona haja ya kamusi. Nimeshateremsha vitabu vyangu vyote.